Kompyuta ya kwanza ya gemu: kasha liling'aa, kadi ikapata makombo

Orodha aliyoniletea mpwa wangu ilipendeza kuisoma. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya viini vinane, yaani vitengo vinane vya kukokotoa, ubao mama (unaounganisha vifaa vyote) wa daraja la juu, kipoza cha maji chenye feni mbili, SSD (diski ya kuhifadhia) ya kasi, kasha la kioo lenye taa za rangi. Kadi ya michoro ilikaa mstari wa mwisho na ilipewa fedha zilizosalia. Anayejenga kompyuta yake ya kwanza huandika hivyo mara nyingi: anaanza na prosesa kwa sababu ndilo jina analolijua, anaichagulia ubao wa kuifaa hadhi yake, na akifika kwenye kadi mfuko umeshakauka.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu karibu kila kifaa katika orodha ile kilikuwa kizuri kikitazamwa peke yake. Tatizo lilikuwa mgawanyo.

Bei hubadilika kila mwezi, basi nitahesabu kwa sehemu, bajeti nzima ikiwa sehemu 100. Prosesa ya Ryzen 7 5700X ilichukua 22. Ubao wa X570, 20. Kipoza cha maji, 11. Kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda) cha GB 16, sehemu 7. SSD ya TB 1 yenye PCIe 4.0 (njia ya data kati ya vifaa na ubao) na bati lake la kupoza, 12. Kasha pamoja na pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme) iliyokuja ndani yake, 12. Zikabaki 16, na ndizo zilizonunua kadi ya Radeon RX 6500 XT. Yaani ubao na kipoza, vitu viwili visivyochora hata nukta moja kwenye skrini, vilikula sehemu 31, karibu mara mbili ya kadi.

Mahitaji yake yalikuwa machache. Anacheza gemu mbili. Counter-Strike 2 ni ya karibu kila jioni na wenzake, na Elden Ring ni ya siku akiwa peke yake. Anapenda kurekodi vipande vya mechi. Kibodi, kipanya na vipokea sauti anavyo tayari. Skrini anayo pia, ya 1920×1080 inayobadili picha mara 60 kwa sekunde. Fedha haziongezeki, na hilo alilisema mapema, jambo ambalo lilinipunguzia kazi.

Nilimwomba tuiweke orodha kando kwanza tuzitazame hizo gemu mbili, maana zinavuta pande tofauti. Kila fremu, yaani picha moja ya gemu, hupita mikono miwili. Prosesa hukokotoa nani yuko wapi, risasi imegonga nini, kisha huandaa maagizo ya kuchora. Kadi hupokea maagizo na kuchora. Anayechelewa kati ya hao wawili ndiye anayeweka kasi, na mwenzake hukaa akisubiri. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila moja ina milisekunde 16.7 za kukamilika. Ukitaka 144, muda unashuka hadi milisekunde 6.9.

Elden Ring haina haraka. Waundaji wake waliifunga kwenye fremu 60, na mapendekezo yao rasmi ni RAM ya GB 16 pamoja na kadi ya kiwango cha GTX 1070 ya GB 8 au RX Vega 56. Ukishafika 60 zilizotulia umemaliza, hata ukiwa na kadi ya bei mara tatu. Hapo mzigo uko kwa kadi, nao una ukomo unaojulikana. Counter-Strike 2 ni kinyume. Wachezaji wengi huishusha ubora wa picha ili wapate fremu nyingi, na picha zikishashushwa kadi hupumua, mzigo unahamia kwa prosesa na RAM. Humo kila milisekunde ina maana.

Ukishajua hayo, vifaa karibu vinajichagua. Lakini kabla ya kufika huko kulikuwa na mjadala wa viini.

"Mjomba, kwani vinane si bora kuliko sita?"

Ni bora, kama kuna kazi ya kuvipa. Ryzen 5 5600 ina viini sita na nyuzi (mikondo ya kazi) 12, na ni ya kizazi kilekile cha Zen 3. Kache yake ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ni MB 32, sawasawa na ya 5700X, na kache ndiyo inayoisaidia Counter-Strike kuliko idadi ya viini. Kasi ya juu kabisa ni GHz 4.4 dhidi ya 4.6. Kwa gemu mbili hizi tofauti ni ndogo mno kuilipia. Zaidi ya hapo, 5600 huja na kipoza chake kwenye boksi, na 5700X haiji nacho. Kwa hiyo uamuzi huo mmoja uliondoa mistari miwili ghali: sehemu 33 za prosesa na kipoza zikawa 15.

Kijana alikuwa na hoja, na haikuwa ya kipuuzi: viini vya ziada ni vya kurekodi. Hapa ndipo kadi aliyoichagua ilipojitia kitanzi. RX 6500 XT iliyotoka Januari 2022 haina sehemu ya kusimba video (kuibana iwe faili) ndani ya chipu, kwa hiyo anayerekodi analazimika kuitwisha prosesa kazi hiyo. Kwa kadi ile, kweli, viini vinane vingehitajika. Ukiweka kadi yenye kisimbaji chake, hitaji lenyewe linapotea. Alikuwa ananunua prosesa ghali ili kuziba pengo la kadi rahisi, bila kujua kwamba pengo lipo.

Kadi hiyo ina mapungufu mengine. Kumbukumbu yake ni GB 4, na inaongea na ubao kwa njia nne tu za PCIe. Kumbukumbu ikijaa, data huanza kusafiri kati ya kadi na RAM kupitia uchochoro huo, nawe unaona gemu likikwama kwa vipindi vifupi vya kuudhi. Elden Ring ingewaka, sikatai, maana kiwango cha chini kabisa kinachotajwa ni RX 580 ya GB 4 au GTX 1060 ya GB 3. Ila kutumia sehemu 100 za fedha kujenga mashine inayokidhi kiwango cha chini ni kuzitupa.

Tulitua kwenye Radeon RX 6600: GB 8, kisimbaji kipo, umeme wati 132, waya mmoja tu wa pini nane. Sehemu 28. Hata mimi niliitamani RTX 3060 ya GB 12, kwa sababu kumbukumbu kubwa huzeeka polepole. Kwa bei alizozipata ingekula karibu sehemu kumi zaidi. Sehemu hizo kumi ndizo zilizoleta ubishi mkubwa kuliko yote.

Mimi nilitaka ziende kwenye skrini. Ya nyumbani ni Hz 60, yaani zile picha 60 kwa sekunde. Hata kompyuta ikichora fremu 200 kwa sekunde, skrini hiyo haiwezi kumwonyesha picha kamili zaidi ya 60. Kuna faida ndogo inayobaki, kwa kuwa fremu inayoonyeshwa huwa mpya zaidi na kipanya huhisiwa chepesi, lakini sehemu kubwa ya kile unacholipia haifiki machoni. Kwa mtu ambaye gemu yake kuu ni ya kulenga na kufyatua, RX 6600 na skrini ya Hz 144 inampa zaidi kuliko kadi nzuri zaidi na skrini ya zamani. Yeye aliona skrini si "sehemu ya kompyuta", na bajeti ilikuwa ya kompyuta. Wengi huhesabu hivyo. Kilichombadilisha si maelezo yangu. Alikwenda kwa rafiki yake mwenye skrini ya Hz 144, akazungusha kipanya, akarudi bila ubishi. Skrini ikaingia kwenye orodha kwa sehemu 16, na azimio likabaki 1920×1080. Hilo la azimio nililisisitiza: 2560×1440 ina nukta milioni 3.69 dhidi ya milioni 2.07, na ongezeko hilo lote linabebwa na kadi.

Ubao mama ulishuka kutoka X570 hadi B550 ya umbo dogo la mATX, sehemu 12. X570 ina njia nyingi za PCIe 4.0 kwa mwenye diski tatu nne za kasi. Yeye ana moja. Tena nyingi za X570 zina feni ndogo juu ya chipseti (chipu kuu ya ubao), kitu kimoja zaidi cha kupiga kelele na kushika vumbi. Nilikataa kushuka hadi A520 ingawa bei ilivutia, kwa kuwa A520 inaishia PCIe 3.0. RX 6600 hutumia njia nane tu, basi ni vyema njia hizo ziwe za kasi kamili. B550 zilizotoka katikati ya 2020 ziliitangulia familia ya Ryzen 5000 kwa miezi kadhaa, kwa hiyo ubao uliolala ghalani tangu wakati huo unaweza kuwa na BIOS (programu ya kuwashia ubao) isiyoitambua prosesa. Tulichagua wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila kuhitaji prosesa. Hatukukihitaji hatimaye. Ningekichagua tena.

Hapa kuna mtego wa majina. Ryzen 5 5500 inasomeka kama mdogo wa karibu wa 5600, na muuzaji atakwambia ni "ileile tu". Kache yake ni MB 16, nusu, na PCIe yake ni 3.0, kwa hiyo ubao wa B550 unapoteza sababu ya kununuliwa. Kijana alishawishiwa kuichukua baada ya 5600 kuadimika dukani. Akapiga simu kwanza, nikamwambia asubiri.

Soketi ya AM5, tundu la kukalia prosesa kwenye ubao, tuliijadili pia, kwa haki. Ilitoka 2022, inakubali RAM ya kizazi kipya cha DDR5 pekee, na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. AM4, soketi ya ubao tuliouchagua, imefika mwisho wa barabara. Anayesema "nunua ya leo ili kesho usianze upya" ana hoja, na kwa bajeti pana ningekuwa upande wake. Kwa bajeti hii tofauti ya bei ya ubao na RAM ingeirudisha kadi ya michoro chini, na tungekuwa tumerudi kwenye orodha ya kwanza kwa mlango wa nyuma. Isitoshe, mwisho wa AM4 si mbaya. Siku prosesa ikimzidi, kuna 5700X3D na 5800X3D zenye kache ya MB 96 zinazoingia kwenye ubao uleule, zikipatikana hata zilizotumika. Upande wa Intel, Core i5-12400F ingefanya kazi ile ile vizuri tu. Ubao mama wa kuifaa ulikuwa ghali kidogo kwenye soko la mpwa wangu, hapo mjadala ukaisha.

RAM ilibaki GB 16 kwa sehemu zile zile 7, ila kijiti kimoja kikawa viwili vya GB 8. Prosesa hizi zina njia mbili za kumbukumbu, na kijiti kimoja kinaacha njia moja tupu. Kwenye gemu inayobanwa na prosesa kama Counter-Strike, hasara hiyo inaonekana wazi, hasa kwenye zile fremu za chini zinazokuangusha katikati ya pambano. Alikuwa ameweka kimoja ili "nafasi zibaki za kuongeza baadaye". Ubao una nafasi nne, kwa hiyo mbili zimebaki hata hivyo. Bei za RAM zilipanda kwa kasi mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwa seva za akili mnemba. Wakati kama huo vijiti vya DDR4 vilivyotumika ni chaguo la heshima, mradi uvipitishe kwenye MemTest86, programu ya kupima RAM, kabla ya kuviamini.

Kwenye SSD sikupoteza muda. TB 1 ilibaki, maana Counter-Strike 2 pekee inataka GB 85 na Elden Ring GB 60. Ya PCIe 4.0 ikawa ya PCIe 3.0, yaani kutoka megabaiti 7000 hivi kwa sekunde hadi 3500. Kwa gemu hizi, kusubiri kupakia kunatofautiana kidogo sana. Sehemu 8.

Sasa pawa saplai, kifaa pekee kwenye orodha nilichokiita kibovu. Kibandiko kiliandikwa wati 700 kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, mstari wa volti 12 ulikuwa na ampea 32. Zidisha: wati 384. Prosesa na kadi vyote hula kutoka volti 12, kwa hiyo hiyo ndiyo namba ya kweli. Nyingine zimejumlishwa kutoka volti 3.3 na 5, au ni kilele cha sekunde chache.

Lakini tuwe wakweli kwenye hesabu. RX 6600 ni wati 132. Ryzen 5 5600 imeandikwa 65, na kikomo chake halisi ni 76. Ongeza 50 za ubao, feni, diski na vidubwasha. Jumla haifiki 260. Kwa karatasi, hata ile saplai ya kasha ingetosha! Nilichokikataa ni kwamba haikuwa na cheti chochote, wala haikutaja kinga dhidi ya mkondo kuzidi, volti kuzidi au joto. Saplai nzuri ikishindwa hujizima. Mbovu inaweza kuondoka na ubao na kadi. Tukachukua ya wati 550 yenye cheti cha 80 PLUS Bronze kutoka familia iliyopimwa na wakaguzi wanaoaminika, sehemu 8. Cheti chenyewe kinapima ufanisi tu, asilimia 85 ya umeme kufika ndani saplai ikiwa na nusu ya mzigo, hakipimi ubora wa kinga. Ndiyo maana nilisoma pia vipimo vya watu walioifungua.

Kasha la wavu mbele, bila kioo upande wa mbele, sehemu 6. Alihuzunika kwa taa. Nilimwambia utepe wa taa ni kitu cha kununua siku yoyote.

Jumla ikafika 100, skrini ikiwa ndani.

Kitu kimoja hakikuwepo kwenye orodha yoyote: mfumo endeshi. Watu husahau hadi siku ya kuunganisha. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025, na leseni ya Windows 11 ni fedha. Bahati ni kwamba gemu zake zote mbili zinaenda kwenye Linux, mfumo wa bure. Counter-Strike 2 ina toleo lake kamili, Elden Ring hupita kwa Proton (zana ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux), na draiva za RX 6600 zimo ndani ya mfumo. Nilimwonya kwamba wenzake wakihamia gemu ya Valorant atabaki nje, na kwamba mfumo wa kuzuia udanganyifu wa FACEIT, jukwaa la mashindano ya Counter-Strike, nao haukubali Linux. Alikubali kuanza hivyo.

Kuunganisha kulichukua mchana mmoja. Mambo matatu yalijitokeza, na yote matatu ni ya kawaida kiasi kwamba ningeyaandika ukutani kwa kila anayeanza.

La kwanza, skrini ilikuwa nyeusi. Waya ulichomekwa kwenye ubao mama badala ya kadi. Prosesa ya 5600 haina michoro ya ndani, kwa hiyo tundu la HDMI la ubao ni pambo tu. La pili, vijiti vya RAM viliuzwa kwa kasi ya 3200, BIOS ikaonyesha 2133. Haviendi kasi ya boksi mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi ulio kwenye BIOS. Pia vilikuwa kwenye nafasi mbili zilizofuatana, wakati kwenye ubao wa nafasi nne vinakaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kwa hiyo vijiti viwili alivyovinunua makusudi vilikuwa vinafanya kazi kama kimoja, tena polepole. La tatu ndilo lililonichekesha: skrini mpya ya Hz 144, iliyozua ubishi wote ule, ilikuwa inaenda kwa 60. Mipangilio ya mfumo ilichagua hiyo yenyewe. Angeweza kuitumia mwaka mzima akilaumu macho yake.

Baada ya hapo, Elden Ring hukaa kwenye 60 yake kwa picha za kiwango cha juu. Counter-Strike, picha zikiwa zimeshushwa, hukaa juu ya 144 karibu muda wote na kushuka kidogo moshi ukijaa uwanjani. Kurekodi hakubadilishi kitu kinachohisiwa. Kipoza cha boksi kinasikika mzigo ukipanda, na hilo ni lalamiko halali. Kipoza cha hewa cha bei ndogo kitalimaliza. Onyo kwa siku hiyo: prosesa za AM4 zina pini zake zenyewe, na gundi ya joto ikikauka kipoza huweza kuing'oa prosesa pamoja nacho. Iache kompyuta ifanye kazi ipate moto, izime, kisha kizungushe kipoza taratibu kabla ya kukivuta.

Udhaifu uliobaki ni GB 8 za kadi. Gemu kubwa mpya zenye picha za juu kabisa zinazivuka hata kwa 1920×1080, na hapo atashusha ubora wa picha. Akiamua kubadilisha kadi, saplai ya wati 550 na ubao wa PCIe 4.0 vinabaki, na hakuna kingine cha kugusa. Tayari ameanza kuniuliza kuhusu kuongeza RAM ifike GB 32. Nimemwomba kwanza aache kifuatilia matumizi kikiwa wazi wakati anacheza. Kikionyesha GB 16 zimejaa, tutazungumza.